Reli na Miji ya Kale: Mjadala wa Watu Watatu wa Malindi

Tangu mwezi wa Julai mwaka 2024, mji wa kale wa Gede ulipotiwa katika orodha ya urithi wa dunia kwenye mkutano wa UNESCO uliofanyika New Delhi, limekuwa likirudi katika mabaraza ya Malindi swali ambalo halikuzaliwa siku hiyo lakini siku hiyo lilipata nguvu mpya, nalo ni hili: maadamu Wachina wamekwisha kutujengea reli kutoka Mombasa mpaka Nairobi, na maadamu wao wenyewe kwao huwachukua watu kwa mamilioni kwa gari la moshi kwenda kuzuru miji yao ya kale, je, si kheri reli hiyo iendelezwe mpaka Malindi ili miji yetu nayo ipate wageni na riziki? Wako wasemao naam, na wako wasemao la hasha, na kila upande una hoja ambazo mwenye insafu hawezi kuzipuuza. Mimi nimeona maneno hayo yanastahili kuandikwa, na ili msomaji asipotee katika wingi wa wasemaji nimeyakusanya katika vinywa vya watu watatu: Msafiri, mfanyabiashara aendaye Guangzhou kununua bidhaa, ambaye safari moja aliitanguliza shehena yake na yeye akapanda gari la moshi kuizunguka nchi, Ami, mzee mwenye shamba la mikorosho na minazi upande wa Gede, na Mwalimu, bibi aliyesomesha historia katika shule za Kilifi mpaka akastaafu. Nitaingia kati pale tu nionapo jambo lataka kupimwa.

MSAFIRI: Ami, na wewe Mwalimu, niruhusuni nianze na niliyoyaona, kwa kuwa hoja hutaka shahidi. Mtu akifika stesheni kule Uchina hupitisha mzigo wake katika mashine kama afanyavyo Miritini, stesheni ya Mombasa, ijapokuwa sisi huongeza mbwa wa kunusa mabegi yaliyopangwa safu sakafuni; kisha hutoa pasi yake ya safari, na pasi hiyo ndiyo tiketi, kwa kuwa jina lake na kiti chake vimekwisha kuandikwa tangu aliponunua. Magari yenyewe hujulikana kwa herufi: la G ndilo la mbio kuliko yote, la D hulifuata, na la K ni la zamani, lenye vitanda vya ngazi tatu, cha chini, cha kati na cha juu, na mwenye kitanda cha chini huwa mwenyeji wa wenzake mchana kutwa, maana walio juu hawana pengine pa kukaa ila godoroni pake. Mwisho wa behewa pana tangi la maji yachemkayo, na usiku na mchana watu huliendea na chupa zao za chai na vikopo vyao vya tambi, na mgeni asiyejua neno lao hata moja hupishwa na kuonyeshwa bomba kwa ishara. Kutoka Guangzhou mpaka Beijing ni kilomita 2,298, na gari la G huzimaliza kwa muda wa saa nane. Sisi kilomita 472 za Mombasa na Nairobi huzienda kwa saa tano, na tukashukuru, kwa kuwa gari la zamani lilikuwa likilala njiani.

Lakini si mbio zilizonigusa. Nilishuka Quanzhou, mji ambao Waarabu waliuita Zaituni, na ambao Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliufikia katika miaka ya 1340. Upo huko msikiti uliojengwa mwaka 1009, kuta zake za mawe ya kuchonga, na ukumbi wake wa kuswalia hauna paa tangu zamani, hata mtu husimama ndani chini ya mbingu kama asimamavyo katika msikiti mkuu wa Gede. Katika makumbusho yao ya bahari mna mawe ya makaburi yaliyokatwa kwa Kiarabu majina ya watu waliokufia ugenini, nami, ambaye mabarabarani mwa mji huo sikuweza kusoma hata kibao cha duka, niliyasoma mawe yale kwa herufi nilizofundishwa chuoni hapa hapa Malindi. Na penye makaburi ya Lingshan, nje kidogo ya mji, pana jiwe la mwaka 1417 linalosema kuwa Zheng He, amiri wa merikebu za mfalme, ambaye alizaliwa katika nyumba ya Kiislamu huko Yunnan, alifika pale kufukiza ubani kabla ya kutweka kwa safari yake ya tano. Safari hiyo ya tano, Mwalimu atanisahihisha nikikosea, ndiyo iliyowarudisha kwao wajumbe wa Malindi waliokuwa wamefika Uchina.

MWALIMU: Hukukosea.

MSAFIRI: Kutoka hapo nilikwenda Xi'an, ambao ukuta wake una mzunguko wa karibu kilomita 14 na watu hupanda baiskeli juu yake, na msikiti wake mkuu hauna kuba wala mnara tuujuao, bali mapaa ya vigae yaliyopinda pembe kama ya kasri la Kichina, na Kiarabu kimenakshiwa mbaoni. Mtaa unaouzunguka ni wa Waislamu, na mtu wa pwani hula mchuzi wa kondoo uliotiwa mkate wa kumegwa pasina wasiwasi. Kisha Pingyao, mji mdogo wenye ukuta wa kilomita 6, ambamo mwanzoni mwa karne ya 19 ilianzishwa nyumba ya hawala iitwayo Rishengchang, iliyopeleka fedha za matajiri kwa karatasi kutoka pembe moja ya nchi hadi nyingine. Nyumba za matofali ya kijivu bado zimesimama, na watu bado wanalala ndani yake. Sasa nauliza: miji hiyo ingejulikana na nani kama isingefikiwa? Gede ina ukuta, ina msikiti, ina kasri, na mgeni aliyeshuka Miritini, baada ya safari iliyo nzuri kutoka Nairobi, hutupwa kwenye msongamano wa magari wa Mtwapa njiani kuja huku mpaka kichwa kimuume na hamu imwishie. Basi reli ivukishwe Kilifi ifike Gede na Malindi.

AMI: Mwanangu, umesema vizuri na safari yako ilikuwa ya kheri, lakini umetupa habari za nyumba na kutuficha habari za wenye nyumba. Hao Wachina waliohifadhi ukuta wa Xi'an ndio haohao waliobomoa ukuta wa Beijing, uliojengwa zama za Ming, katika miaka ya 1950 na 1960, na penye misingi yake leo yapita barabara na reli ya chini ya ardhi; kwa hiyo usiniambie kwamba garimoshi ni rafiki wa kuta. Na mji wa Lijiang, ulioingia katika orodha hiyo ya UNESCO mwaka 1997 pamoja na Pingyao yako, wenyeji wake, Wanaxi, wengi wao walizikodisha nyumba za baba zao kwa wafanyabiashara waliotoka mbali, wakahamia mji mpya, na aendaye kuwatazama hukuta maduka ya kuuza vitu kwa watu kama yeye. Je, huo ni mji, au ni soko lililovaa kanzu ya mji?

Sisi hatuna haja ya kwenda Lijiang kuliona hilo. Kutoka Watamu mpaka Malindi, mahali ambapo mvuvi alikuwa akivuta dau lake mchangani na kuanika jarife, leo pana ukuta na askari mlangoni, na kijana wa mvuvi ndiye huyo askari. Wageni walikuja kwa wingi tangu miaka ya 1970, hoteli zikajengwa, fedha zikapita, na ardhi ilipokwisha kuuzwa haikurudi. Na hilo lilifanyika bila reli. Ikija reli?

Tena reli hutaka njia iliyonyooka, na njia iliyonyooka kutoka Kilifi mpaka Malindi haina pa kupita ila ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao hauguswi, au juu ya mikorosho na mihogo ya watu. Wengi wa watu hao wamezaliwa juu ya ardhi hiyo, na baba zao, na babu zao, na hati hawana. Mwenye hati hulipwa fidia. Asiye nayo huambiwa ni maskwota, akahesabiwa miti yake na kuambiwa ahame. Nimewaona watu waliohesabiwa miti.

Wala usisahau deni. Reli iliyopo ilijengwa na kampuni ya Kichina kwa mkopo wa Benki ya Exim ya Uchina, na ilipofunguliwa mwaka 2017 nauli ya daraja la chini ilikuwa shilingi 700, na tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500. Kisha mizigo ya bandari ilipoamriwa kupanda reli, wenye malori, mafundi wa gereji na wanawake wauzao chakula kutoka Mombasa mpaka Mariakani na Mtito Andei walipoteza riziki zao, hata mwaka 2019 watu wa Mombasa wakatoka mabarabarani kuandamana.

Hapa yanipasa nisimame kidogo, kwa kuwa neno la Ami juu ya hati ndilo zito kuliko yote yaliyosemwa, na aghalabu wasemao habari za maendeleo hulipita kwa haraka. Pwani hii ina historia ya ardhi isiyofanana na ya bara: sheria ya mwaka 1908 iliwapa nafasi ya kuandikisha milki wale waliojua kuandika madai na kufika mbele ya msajili, na ardhi ya wasiodai ikahesabiwa kuwa ya Serikali, hata wakulima wa Kigiriama na wengineo wakajikuta wageni juu ya makaburi ya wazee wao. Dhuluma hiyo haijatengenezwa mpaka leo ila kwa vipande, na mradi wowote upitao juu yake, uwe wa reli, wa bandari au wa hoteli, huizidisha. Naliandika hili bila kusitasita.

MSAFIRI: Nakubali, Ami, lakini je, tuiache miji yetu iwe maskini ili ihifadhike?

MWALIMU: Swali lako lina jibu hukohuko ulikokwenda. Pingyao ilisalimika kwa sehemu kubwa kwa sababu ya umaskini, maana hapakuwa na fedha za kuibomoa na kuijenga upya kama miji mingine ilivyofanyiwa. Na fedha zilipoanza kuonekana, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukapangwa mpango wa kukata barabara pana katikati ya mji, na kazi ikaanza. Aliyeuzuia hakuwa mfalme wala tajiri. Alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Tongji huko Shanghai, Ruan Yisan, ambaye aliwasihi wakuu wasimamishe ubomoaji, kisha yeye na wanafunzi wake wakachora ramani ya mji mpya wa kujengwa nje ya ukuta, ili wa kale ubaki na wa sasa upate pa kukua. Kwa hiyo umaskini huuchelewesha ubomoaji, bali hauwezi kuuzuia. Panahitajika mtu mwenye ramani mkononi kabla ya fedha kufika.

Na sasa niwaambieni nyote wawili kinachonihuzunisha, nacho ni kwamba mnasema kana kwamba reli ndiyo njia ya kwanza baina yetu na Uchina. Mwaka 1414 mfalme wa Bengali alimpelekea mfalme Yongle wa Uchina twiga, na watu wa kasri wakastaajabu. Mwaka uliofuata wajumbe wa Malindi wakafika na twiga wao. Fikirini kazi iliyokuwamo: mnyama yule kukamatwa nyikani, kuteremshwa pwani, kupakiwa chomboni na kuvushwa bahari mbili, akila na kunywa mpaka mwisho. Nani aliyemlisha? Nani aliyejua majani ayapendayo? Ni watu wa huku, na majina yao hayakuandikwa popote. Mambrui, hapo ng'ambo ya mto Sabaki, pana kaburi la mnara ambalo lilipachikwa bakuli za kaure za Kichina kwenye mawe yake, na mwaka 2010 wachimbaji wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wa Chuo Kikuu cha Peking walifukua hapo sarafu ya shaba yenye tundu la mraba, iliyosubiwa zama za Yongle huyohuyo. Ndani ya Gede iko nyumba iitwayo Nyumba ya Sarafu za Kichina, kwa kuwa bwana James Kirkman, aliyechimba hapo kuanzia mwaka 1948, aliziita nyumba kwa vitu alivyovikuta ndani yake. Na liko kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, ndio 1399 Miladia, yaani mwenyewe alizikwa miaka kumi na sita kabla ya twiga wa Malindi kufika Uchina. Msafiri aliyasoma makaburi ya Zaituni; je, hili la Gede amelisoma?

MSAFIRI: Nimelipita nikiwa mtoto wa shule. Sikulisoma.

MWALIMU: Wala si peke yako. Nimesomesha watoto walioweza kunichorea Ukuta Mkuu wa Uchina kwa rangi, na ambao ukuta wa Gede, ulio mwendo wa nusu saa kwa matatu kutoka shuleni, hawakuwahi kuugusa, kwa sababu hapakuwa na nauli au hapakuwa na mwalimu aliyeona kuwa ni somo. Merikebu za Zheng He zilikuja na zikaondoka. Ya mwisho ilirudi kwao mwaka 1433, wakuu wakazifungia, na huku zilikopita hazikuacha hata mji mmoja. Kilichobaki ni kile kilichojengwa na watu wa hapa kwa matumbawe na chokaa, wakachimba visima vyenye kina kirefu na kujipangia majumba yenye vyoo na mifereji. Anayeitazama Gede na kuuliza garimoshi litakuja lini anauliza jambo la pili kabla ya la kwanza.

Lakini hata hilo la pili nina neno juu yake. Msafiri ametuambia alishuka Pingyao. Hakutuambia alishuka wapi. Hilo gari la mbio halikumfikisha mlangoni mwa mji.

MSAFIRI: Kweli. Stesheni iko mbali na ukuta, kati ya mashamba, na nilipanda basi.

MWALIMU: Alipanda basi! Basi tazameni ramani yetu. Yako magari ya Mombasa na Nairobi yasiyosimama njiani, na liko lisimamalo vituo vya kati, na kimoja cha vituo hivyo ni Mariakani. Na Mariakani ni wapi? Ni Kaunti ya Kilifi. Reli imekwisha kufika kwetu tangu mwaka 2017, nasi bado tunabishana iletwe au isiletwe. Mtu akishuka Mariakani, akashika njia ya Kaloleni kwenda Mavueni, huwa amepita nchi ya makaya ya Mijikenda, ambayo nayo yalitiwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2008, miaka kumi na sita kabla ya Gede, tena ni miji ya kale kwelikweli, ijapokuwa ilijengwa kwa miti na kuzungushiwa msitu badala ya ukuta. Kutoka Mavueni ipo Mnarani, penye magofu juu ya jabali linaloangalia hori la Kilifi. Avuke daraja lililofunguliwa mwaka 1991, lililotuondolea taabu ya kivuko. Na mbele yake ni Gede. Hakugusa Mtwapa. Hakuna mkorosho uliokatwa, wala mkopo uliotiwa saini. Kinachotakiwa ni basi linaloujua wakati wa gari la moshi, na kibao stesheni, kwa kuwa leo mgeni ashukaye Mariakani huona mizani ya malori na bodaboda, na hapana wa kumwambia amefika nchi gani.

Nakiri kwamba niliposikia hesabu hii ya Mwalimu mara ya kwanza niliistaajabia wepesi wake, na kila nilipoipima niliona inasimama. Iko tamaa ya kuamini kwamba jambo kubwa huletwa na chombo kikubwa, na kwa tamaa hiyo wengi hungoja reli ya mabilioni hali basi dogo halijajaribiwa.

AMI: Mwalimu, umenipunguzia khofu lakini hukuiondoa. Kaya si makumbusho. Kaya ni mahali pa ibada na pa maziko, pana vigango, nguzo za kuwakumbuka wazee, na pana miti isiyokatwa, na haingiliki kwa viatu vya mtu yeyote mwenye tiketi. Wazee wa kaya waulizwe kwanza, na wakisema msitu fulani haupitwi, usipitwe, hata kama basi limekwisha kupakwa rangi.

MWALIMU: Hilo ni haki, wala hapana wa kulibisha. Mgeni na aonyeshwe msitu kwa nje na kuelezwa kwa nini haingii. Huko nako ni kujifunza.

AMI: Na kiingilio cha Gede hulipwa Makumbusho ya Taifa. Kijiji cha Gede kinapata nini?

MWALIMU: Kinapata kidogo, lakini uko mfano mmoja mlangoni hapohapo, na nastaajabu hukuutaja, kwa kuwa majirani zako wamo. Tangu mwaka 1993 wakulima wakaao ukingoni mwa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi wa vipepeo wa msituni, wakaleta mabundo yao (pupa) Gede kwenye mradi wa Kipepeo, na mabundo hayo husafirishwa kwa ndege mpaka majumba ya maonyesho ya Ulaya na Marekani. Mkulima hulipwa, na kwa kuwa bila msitu hapana kipepeo, yeye mwenyewe huwa mlinzi wa msitu. Watu wale hawakungoja hoteli. Basi mgeni wa Mariakani asipelekwe kulala Watamu nyuma ya ukuta; alale kijijini, katika chumba cha mwenyeji, ale wali wa nazi na samaki wa kupaka wa mwenyeji, na asubuhi aongozwe Gede na kijana wa hapo aliyefundishwa, ajuaye kulisoma lile kaburi la mwaka 802.

MSAFIRI: Hata mimi ningelala hapo.

AMI: Na chumba hicho kijengwe na nani, Mwalimu? Chumba cha mgeni chataka saruji, choo na maji, na saruji hutaka fedha, na benki haikopeshi juu ya ardhi isiyo na hati. Aliye na hati atajenga vyumba kumi, asiye nayo atakuwa mfagiaji wake, na baada ya miaka michache tutakuwa na Lijiang iliyoezekwa makuti.

MWALIMU: Hapo, Ami, umenibana, na sitakujibu kwa maneno matamu. Hati na zitangulie. Na kama hazitatangulia, basi zidaiwe pamoja na hilo basi, katika barua moja, kwa serikali ya kaunti na kwa tume ya ardhi, ikiwa na majina ya wenye mashamba wote wa kutoka Mida mpaka Gede. Nami barua hiyo nitaiandika, ikiwa wewe utapita nyumba kwa nyumba kukusanya majina.

AMI: Nitapita. Lakini tuanzie kwa wajane, maana wao ndio huhamishwa mwanzo.